Altare ya Mkunazini na swali la mateso

Mbele ya altare ya Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa rangi nyekundu. Wenyeji wa kanisa husimulia kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa viboko mbele ya wanunuzi. Nyekundu ni damu yao. Ukisimama pale, swali linakuja lenyewe: Mungu alikuwa wapi?

Soko hilo la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba alioshinikizwa na John Kirk, balozi wa Uingereza. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyepata uaskofu mwaka uliofuata, ndiye aliyesimamia ujenzi. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Jibu la kale la Kanisa lilitoka kwa Mwafrika mwenzetu, Augustino wa Hippo. Yeye alifundisha kwamba uovu haukuumbwa na Mungu. Ni wema uliopungua, viumbe wanapoutumia vibaya uhuru wao. Ni hoja nzito, na inamtia hatiani binadamu, wakiwamo Wakristo: wenye mashamba Wafaransa wa Mauritius na Réunion walinunua watu wengi wa pwani hii. Lakini inamfaa nini mtoto aliyekwisha kuuzwa? John Swedi alikuwa mtoto wa namna hiyo. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA wavulana watano waliokamatwa jahazini, Swedi akiwa mmojawao. Mwaka 1879 akapewa daraja la ushemasi. Sithubutu kusema utumwa wake ulikuwa njia ya Mungu kumfikisha hapo. Anayesema hivyo anambebesha Mungu biashara ya Mkunazini.

Na kanisa halikumaliza mateso. Soko lilifungwa, utumwa wenyewe ukabaki halali Unguja na Pemba hadi 1897. Nyimbo ziliimbwa Mkunazini huku watumwa wakichuma karafuu mashambani.

Aliyelichukua swali hili kwa uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni Frank Weston, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908. Mwaka mmoja kabla alichapisha kitabu The One Christ, akieleza kwamba Mwana wa Mungu alijiwekea mipaka kwa hiari yake, akaishi na kuumia ndani ya ubinadamu wetu. Kwa imani hiyo, Mungu hatazami kiboko kutoka mbali. Kinampata naye.

Weston hakuiacha fikra hiyo kitabuni. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika alikusanya wapagazi wa Zanzibar, akatembea nao bara badala ya kuwatuma tu. Vita ilipokwisha, serikali ya Kenya ikawashinikiza machifu wapeleke vijana wakafanye kazi kwa walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda walikuwa radhi kuikubali kazi ya lazima kwa masharti. Weston akakataa katakata, na mwaka 1920 akachapa kijitabu, Serfs of Great Britain, akiiita kazi hiyo utumwa. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaagiza maofisa wake Kenya wasiwatafutie tena walowezi vibarua.