Irabu Zilizoanguka

Sikiliza jina la Mungu linavyobadilika mwishoni katika maneno ambayo masikio ya pwani yameyazoea. Katika Allahu Akbar linaishia na u. Katika Bismillahi linaishia na i. Katika Astaghfirullaha, likisomwa kwa ukamilifu, linaishia na a. Wanaisimu huyaita mabadiliko haya uhusika. Kiarabu fasaha huweka u kwa kiima, i kwa mmiliki au baada ya kihusishi, na a kwa yambwa, yaani anayetendewa.

Kiebrania, ndugu wa Kiarabu, hakina miisho hiyo. Je, hakikuwahi kuwa nayo?

Jibu limetoka ardhini. Mwaka 1887 vibao vya udongo vilipatikana Tell el-Amarna, Misri. Miongoni mwake zilikuwamo barua ambazo watawala wa Kanaani walimwandikia Farao katika karne ya 14 KK. Lugha yake ni Kiakadi, lakini hapa na pale mwandishi aliongeza neno la kwao kama ufafanuzi. Katika barua moja kutoka Beirut, vumbi linaitwa aparu. Kiebrania cha Biblia husema afar. Katika lugha za Kanaani, u ile ilikuwapo, kisha ikaanguka pamoja na irabu nyingine fupi za mwisho.

Wanasarufi wa zamani waliamini kwamba baki moja lilisalimika. Bayit ni nyumba. Habayta ni kuelekea nyumbani. Waliichukua a hiyo ya mwisho kuwa ndiyo a ya kale ya yambwa. Kisha, mwaka 1929, uchimbaji ukaanza Ras Shamra, Syria, mahali ulipokuwa mji wa Ugarit. Maandishi yake hayaonyeshi irabu, isipokuwa kwamba yana herufi tatu za alifu: moja ya a, moja ya i, moja ya u. Kwa hiyo neno la kiti cha enzi, ambalo ni ndugu wa kursi tunayoijua katika Ayatul Kursi, huonyesha uhusika wake wazi kwa sababu linaishia na alifu. Lakini kiambishi cha kuelekea mahali kimeandikwa kwa herufi h, konsonanti kamili. Irabu tupu isingeandikwa hivyo. Baki lile lilikuwa kitu kingine, chenye kazi iliyo karibu na ya -ni yetu.

Basi Kiebrania kiliishije bila miisho? Katika umiliki, kinachobadilika ni jina la kinachomilikiwa: bayit huwa bet. Mbele ya yambwa iliyo bayana hukaa neno dogo, et, ambalo limetokea mara mbili katika aya ya kwanza ya Mwanzo.

David Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, aliliona neno hilo kuwa la ziada na akalikwepa katika maandishi yake. Wananchi hawakumfuata. Wanaolalamika kwamba lugha inaharibika kila inapopoteza kipande wangefaa kutazama hapo: miisho ilipotea, lakini haja ya kumjua anayetendewa haikupotea. Leo, katika mazungumzo ya haraka, et na kitambulishi ha humezana na kuwa ta. Neno linapungua, na kazi yake inaendelea.