Maji ya beseni kwenye Ikweta: Ni mzunguko wa dunia au mkono wa mwenye beseni?

MSAFIRI anayetoka Nakuru kuelekea Marigat huivuka Ikweta karibu na Mogotio, kilomita 30 na ushei kaskazini mwa jiji. Anayeelekea Eldoret huivuka karibu na Timboroa, na anayepanda kwenda Nyahururu huikuta kabla ya kuingia mjini humo. Ni sehemu chache za dunia ambako mstari huo uko karibu hivi na barabara kuu, shule na masoko.

Ukaribu huo umezaa mjadala usiokwisha miongoni mwa wapenzi wa fizikia, wakiwa wanafunzi, walimu na watalii. Je, ni kweli kwamba maji yanayotoka kwenye tundu la beseni huzunguka upande mmoja kaskazini mwa Ikweta, upande mwingine kusini mwake, na kwamba juu ya mstari wenyewe hushuka moja kwa moja bila kuzunguka?

Onyesho la aina hiyo hufanywa mbele ya wageni kwenye vibao vya Ikweta nchini Kenya na Uganda, hasa Nanyuki na Kayabwe. Mwonyeshaji hutia maji katika beseni lenye tundu, huelekeza njiti ya kiberiti juu ya maji, kisha hutembea hatua kadhaa upande huu na upande ule wa mstari. Njiti huzunguka jinsi alivyotabiri. Wageni hupiga makofi na wengine hununua cheti cha kuthibitisha kwamba wamevuka Ikweta.

Njiti inazunguka kweli, na hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni chanzo cha mzunguko wake.

Asili ya hoja

Hoja inayotolewa ni kani ya Coriolis. Jina hilo linatokana na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye mwaka 1835 alichapisha hesabu za mwendo wa vitu vilivyomo ndani ya mitambo inayozunguka. Baadaye wanasayansi waliona kwamba hesabu hizo zinaihusu dunia pia, kwa kuwa nayo inazunguka.

Kwa mtazamaji aliyesimama ardhini, kitu kinachosafiri masafa marefu katika nusu ya kaskazini ya dunia huonekana kupinda kuelekea kulia. Katika nusu ya kusini hupinda kushoto. Kwenye Ikweta yenyewe upindaji huo wa mlalo hautokei kabisa, na nguvu zake huongezeka kadiri mtu anavyokaribia ncha za dunia.

Kani hiyo ipo, na wakazi wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi. Pepo za kusi huja kutoka kusini-mashariki, na zikishavuka Ikweta hupinda kulia na kuelekea Uarabuni na India. Mabaharia wa majahazi waliutegemea mkondo huo kurudi kwao zamani kabla ya Coriolis kuzaliwa.

Vimbunga vikubwa vya baharini navyo hufuata kanuni hiyo. Kimbunga Idai, kilichoipiga Beira nchini Msumbiji mwezi Machi 2019, kilizunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kama ilivyo kwa vimbunga vyote vya nusu ya kusini. Vile vya kaskazini huzunguka kinyume chake. Aidha, kwa kawaida vimbunga hivyo havizaliwi ndani ya takriban digrii 5 kutoka Ikweta, kwa sababu huko kani hiyo ni hafifu mno. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya pwani ya Kenya isivizoee.

Hesabu ya hatua ishirini

Ugumu unaanza pale kanuni ya kimbunga chenye upana wa mamia ya kilomita inapohamishiwa kwenye beseni la sentimita 30.

Kinachoweza kuyazungusha maji ya beseni ni kiasi ambacho ardhi iliyo chini yake inajizungusha kama sahani bapa. Kwenye ncha ya kaskazini, ardhi hukamilisha mzunguko huo kwa takriban saa 24. Katika eneo la Boston, Marekani, lililo kwenye digrii 42 kaskazini, huchukua takriban saa 36. Nakuru, iliyo kama theluthi moja ya digrii kusini mwa Ikweta, huchukua takriban nusu mwaka.

Mwenye beseni hasimami Nakuru. Yeye husogea mita 20 hivi kutoka kwenye mstari. Mahali hapo, ardhi iliyo chini ya miguu yake huhitaji zaidi ya miaka 800 ili ijizungushe mara moja kwa namna hiyo. Maji ya beseni lake huisha kwa dakika chache tu.

Kwa kipimo kingine, maji yanayokwenda kwa mwendo wa sentimita 10 kwa sekunde mahali hapo husukumwa na kani ya Coriolis iliyo sawa na sehemu moja hivi kati ya bilioni 200 ya uzito wao. Pumzi ya mtazamaji, mtikiso wa lori linalopita au mkono uliomimina maji, kila kimoja kina nguvu nyingi kuliko kani hiyo.

Majaribio ya Marekani na Australia

Swali hili halikuachwa kwenye karatasi. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT nchini Marekani alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio alilolifanya kwa uangalifu mkubwa.

Alitumia tangi la mviringo lenye upana wa mita 1.8 na maji ya kina cha sentimita 15, likiwa na tundu dogo katikati. Aliyajaza maji kwa kuyazungusha makusudi kufuata mishale ya saa, yaani kinyume na matokeo aliyoyatarajia, kisha akalifunika tangi na kuyaacha yatulie kwa saa 24.

Tundu lilipofunguliwa, maji yalichukua kama dakika 20 kuisha. Kwa zaidi ya nusu ya muda huo hapakuonekana mzunguko wowote. Ndipo kielea kidogo kilichowekwa juu ya tundu kikaanza kuzunguka polepole, kinyume cha mishale ya saa, kama nadharia ilivyotabiri kwa nusu ya kaskazini. Maji yalipoachwa yatulie kwa saa moja au mbili tu, bado yalikumbuka jinsi yalivyomiminwa, na matokeo hayakuwa ya kutegemewa.

Mwaka 1965, watafiti watano waliofanya kazi kama hiyo katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha matokeo yao katika jarida hilohilo. Kwao maji yalizunguka kufuata mishale ya saa, kama inavyopasa kusini.

Kwa hiyo madai ya kanuni yenyewe ni sahihi, lakini kwa masharti magumu: tangi pana, utulivu wa siku nzima na umbali mkubwa kutoka Ikweta. Shapiro alikuwa mahali ambapo kani hiyo ni zaidi ya mara 200,000 ya ile iliyopo mita 20 kutoka kwenye mstari, na hata hivyo alilazimika kusubiri saa 24.

Njiti huzungushwa na nini?

Maji yanayomiminwa kwenye beseni hubaki na mzunguko mdogo usioonekana kwa macho. Yanapoelekea kwenye tundu, mzunguko huo huongezeka kasi, kama mchezaji anayejizungusha huku akikunja mikono yake kifuani.

Ikiwa beseni lilijazwa kutoka upande wa kulia, au mwenyewe aligeuka nalo ili awatazame wageni, mwelekeo wa maji umeshaamuliwa kabla ya tundu kufunguliwa. Anayetaka maji yashuke bila kuzunguka hulijaza beseni taratibu na kuliweka chini bila kugeuka. Huenda baadhi ya waonyeshaji hawatambui kwamba wanafanya hivyo, kwani mazoea hufundisha mkono bila kuushauri ubongo.

Dai jingine linalosikika ni kwamba yai husimama wima kwenye Ikweta pekee. Yai laweza kusimamishwa Nakuru, Mombasa au London na mtu mwenye subira. Lililo kweli ni kwamba vitu hupungua uzito kidogo kwenye Ikweta ukilinganisha na kwenye ncha za dunia, kwa takriban nusu ya asilimia moja, kutokana na mzunguko wa dunia na umbo lake lililotuna katikati. Tofauti hiyo haimsaidii mwenye yai.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Onyesho likichukuliwa kuwa mchezo, halimdhuru mtu na humpatia mwenye beseni riziki yake. Hasara hutokea linapoingia darasani kama ushahidi. Mwanafunzi aliyeshuhudia njiti ikizunguka huamini kwamba ameiona sayansi kwa macho yake, na mwalimu anayempinga huonekana kana kwamba anapinga ukweli ulio wazi.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa njia ya kutatua ubishi wa aina hii. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, hakumcheka. Aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo, lakini wanabishana kwa vipimo.

Shule za Mogotio, Nyahururu na Timboroa zaweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Panahitajika beseni la mviringo lenye tundu katikati linalozibwa kutoka chini, kifuniko cha kuzuia upepo na saa kadhaa za utulivu. Atakayefungua tundu asiwe yule aliyejaza maji, na mwelekeo unaotarajiwa uandikwe kabla ya kuanza.

Jaribio lirudiwe mara 20 kila upande wa mstari, kwa beseni lilelile. Ikiwa ni bahati tu, upande uliotabiriwa utajitokeza mara 10 hivi. Kuupata mara 15 au zaidi kwa bahati hutokea kama mara 2 katika kila 100. Na iwapo maji yatazunguka upande mmoja kaskazini na kusini pia, basi sababu ni umbo la beseni au tundu lake, wala si Ikweta.