CD ya muziki inapogoma katika kompyuta ya Linux

MTU anapoingiza CD ya muziki katika kompyuta inayoendeshwa na Linux na kuambulia ukimya, mara nyingi huhitimisha kwamba CD imekufa na kuitupa. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Katika nyumba nyingi kaswida, nyimbo za kwaya au taarabu iliyorekodiwa arusini imebaki katika CD moja tu, na ikitupwa imepotea moja kwa moja. Ni vyema kwanza kubaini kasoro iko wapi.

Anza na sauti. Cheza faili lolote la muziki lililomo ndani ya kompyuta. Nalo likiwa kimya, CD haina hatia. Fungua mipangilio ya sauti uone kama sauti imeelekezwa kwenye spika au imekwenda kwenye runinga kupitia waya wa HDMI. Kisha andika amri alsamixer na ubonyeze F6 kuchagua kadi ya sauti. Nguzo yenye herufi MM chini yake imezimwa. Huwashwa kwa kubonyeza herufi M.

Sauti ikiwa salama, kagua kisomeo, yaani sehemu ya kuingizia CD. Andika ls -l /dev/sr0. Jibu likiwa kwamba faili hilo halipo, kompyuta haikioni kisomeo. Angalia waya zake. Kisomeo cha nje kinachotumia USB kichomekwe kwenye kompyuta yenyewe, kwani kikipitia kigawanyio huenda kikakosa umeme wa kutosha.

Kisomeo kikionekana lakini ukanyimwa ruhusa, katika Debian na Ubuntu jiunge na kundi linaloruhusiwa kukitumia kwa amri sudo usermod -aG cdrom $USER, kisha toka katika akaunti yako na uingie upya. Bila kutoka, badiliko hilo halifanyi kazi.

Jambo linalowachanganya wengi ni aina ya CD. CD ya muziki, iliyowekewa kanuni na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, haina mafaili ndani yake. Ina mfululizo wa sauti tu, vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Kwa hiyo amri ya mount huikataa na kutoa ujumbe wa makosa, ilhali CD ni nzima. CD yenye mafaili ya MP3 ni kinyume chake: hufunguliwa kama folda nyingine yoyote.

CD ya muziki huchezwa na programu inayoifahamu. Kwa VLC, andika vlc cdda:///dev/sr0. Ikikataa, sakinisha cdparanoia na uandike cdparanoia -vsQ. Orodha ya nyimbo na urefu wake ikitokea, kisomeo kinaiona CD na kasoro inaelekea kuwa katika programu ya kuchezea. Orodha isipotokea, jaribu CD nyingine. Hiyo nayo ikishindikana, mshukiwa ni kisomeo.

Miongozo ya zamani husisitiza waya mwembamba uliounganisha kisomeo na kadi ya sauti. Programu za leo huisoma CD kidijitali, hivyo waya huo hauhitajiki.

Ikiwa ni CD hiyo moja tu inayogoma, ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kuelekea ukingoni, wala usiizungushe. Jihadhari na upande wenye maandishi, kwani tabaka linalobeba sauti liko chini yake tu, na mkwaruzo wa upande huo hautibiki. CD zilizochomwa nyumbani zina rangi inayofifia kwa joto na jua. Zisiachwe ndani ya gari wala dirishani.

CD ikikubali kusomeka, usingoje igome tena. Amri cdparanoia -B huhifadhi kila wimbo katika faili lake, ikirudia kusoma sehemu zilizokwaruzika. CD ya dakika 74 huchukua takriban megabaiti 780. Anayetaka kuokoa nafasi atumie abcde -o flac, ambayo kwa kawaida hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kupoteza chochote katika sauti. Weka nakala moja nje ya kompyuta hiyo, kwani diski ya kompyuta nayo hufa.