Kabla ya Gemu Kulikuwa na Beni

Kutwa nzima mtu ni mpishi wa bwana mkubwa, anaitwa boi hata kama ana wajukuu. Jioni anavaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, anashika fimbo, na sasa yeye ni Admirali. Watu wazima wanasimama wima kumpigia saluti. Karani wa forodhani ni Kingi, fundi cherehani ni Jenerali, na yupo Daktari asiyejua dawa hata moja. Tarumbeta inalia, ngoma kubwa inajibu, na mtaa mzima unatoka nje kutazama nani kavaa nini.

Hiyo ndiyo beni. Ilizuka Lamu na Mombasa miaka ya 1890, ikashuka na pwani kupitia Tanga hadi Dar es Salaam, na Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi. Ilikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii za Afrika Mashariki, alionyesha kwamba kwa jumla Marini iliwavuta wenye jina mjini na waliosoma kidogo, na Arinoti ikawakusanya vibarua na waliotoka bara. Vita ilipokwisha, maofisa wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi. Mbona Waafrika wana majenerali? Kuna nini nyuma ya haya maparedi?

Naileta beni hapa kwa sababu ya ubishi ambao umewashika wapenzi wa gemu za kompyuta kwa miaka mingi, hasa zile gemu ambazo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mwingine na kuishi maisha yake. Kundi moja linasema mhusika mzuri ni yule aliyekwisha kuandikwa, mwenye kwao, mwenye kovu na siri, na kazi ya mchezaji ni kumfuata. Kundi la pili linasema huyo si wako. Nipe mtu mtupu nimjaze mwenyewe, nikitaka niwe mwizi, nikitaka niwe mtawa. Ubishi huo unazungumzwa kana kwamba umezaliwa na kompyuta. Pwani hii tuna habari zake za zamani zaidi.

Bagamoyo ina shahidi wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, ndiye sauti kuu katika Desturi za Waswahili, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha Ujerumani mwaka 1903. Humo ngoma za pepo zimeelezwa kwa utulivu wa mtu aliyeziona kwa macho. Pepo ana asili yake, ana ngoma yake, ana nguo na chakula anachodai. Mwele hachagui lolote katika hayo. Pepo akipanda, mwele anasema kwa sauti ya mwingine na anataka vya mwingine. Kwa wanaoamini huo si mchezo, na mimi sitauita mchezo. Lakini kwa umbo lake, ndio mwisho mmoja wa kamba: mhusika kamili, mwenye historia na tabia, na anayembeba hana hiari hata ya kuchagua kanga.

Mwisho wa pili wa kamba ulikuwa vichekesho. Hivi vilishamiri katika miji ya pwani kati ya vita mbili kuu, mara nyingi vikiingizwa katikati ya taarab ili wapigaji wapumzike. Hapakuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa kwa maneno machache pembeni, wakatoka mbele ya watu wakabuni palepale: mshamba aliyeingia mjini, bwana mwenye wivu, tajiri bahili. Uhuru ulikuwa tele. Ukiona watu wanacheka, unaongeza. Ukiona wamepoa, unaanguka chini. Bali mshamba wa leo alikuwa ndiye mshamba wa juzi, na hakuna aliyerudi nyumbani akijiuliza mtu yule analala na mawazo gani. Miongo kadhaa baadaye mtindo huo wa kubuni papo hapo uliingia katika maigizo ya makundi ya Dar es Salaam kama Muungano, na televisheni binafsi zilipoanza Bara mwaka 1994 ukapata makao mapya. Kundi la Kaole, lenye jina moja na magofu yaliyo jirani na Bagamoyo, lilikuza waigizaji kama Vincent Kigosi na marehemu Steven Kanumba katika malezi hayo.

Beni ilikaa katikati ya kamba, na ndiyo maana inanivutia kuliko zote mbili. Mpishi hakupagawa na Admirali. Uadmirali aliutaka mwenyewe, akaupigania, akautolea pesa. Lakini akishauvaa, ulimfunga. Admirali alitakiwa kulisha wageni, kuchangia mazishi ya wenzake, kutokea amenyooka pasi hata kama mwezi ulikuwa mbaya. Upande wa pili ulikuwa macho. Ukionyesha ubahili, wimbo wako ulikuwa tayari, na watoto wangeuimba mtaani ukienda sokoni. Kwa hiyo nani aliyemwandika Admirali? Hakuna mtunzi. Mtu alianza na cheo kitupu, na mtaa ukamjazia uzito kwa kumdai, kumsifu na kumkejeli. Uhuru wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na bei, na bei hiyo ndiyo iliyompa kina.

Jaribu sasa kuilinganisha na jukwaa la kuandikwa. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika Kinjeketile, na tamthilia hiyo ilionyeshwa Dar es Salaam mwaka 1969. Mhusika wake ni mtu aliyewapa wenzake maji ya vita, kisha akaanza kushuku kama neno lililomtoka lilikuwa lake au la mwingine. Mwishoni yu mikononi mwa Wajerumani, na wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hajageuka kuamini upya; anajua tu kwamba kukiri kwake kutavunja kitu kikubwa kuliko yeye.

Fikiri tukio hilo liwe ndani ya gemu. Kwenye kioo kuna machaguo mawili: kukiri, kukataa. Mchezaji wa kawaida angekataa, kisha angerudi nyuma kwenye sehemu aliyohifadhi, akiri, aone kuna nini upande wa pili. Namfahamu mchezaji huyo vizuri, hata mimi ningefanya hivyo. Hapo ndipo kundi la kwanza lina hoja yake: chaguo linaloweza kufutwa halimpimi mtu. Kinjeketile ana kina kwa sababu mlango nyuma yake umefungwa.

Gemu zenyewe hazikuanza hivyo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, na mtu mmoja pale mezani aliendesha hadithi. Ukimtukana mfalme, huyo mwendeshaji alikuwa na akili ya kukukumbuka na kukutafutia shida yako. Kompyuta ilipouchukua mchezo ule ilichukua dadu na hesabu za nguvu, ikamwacha mwendeshaji nje. Njia zikagawanyika kuanzia hapo. Mfululizo wa The Elder Scrolls, ulioanza mwaka 1994 na kufika Skyrim mwaka 2011, ulimpa mchezaji nchi nzima ya kuzurura na shujaa asiye na sauti. The Witcher ya Poland, kuanzia 2007, ilimkabidhi Geralt, mtu mzima aliyekwisha kuandikwa na Andrzej Sapkowski, mwenye mapenzi ya zamani na ulimi mkali.

Kati ya gemu zote za ukoo huu, ninayoipa heshima kubwa ni Ultima IV ya Richard Garriott, iliyotoka mwaka 1985. Katika gemu zake za kwanza, kuiba dukani na kuua wanakijiji vilikuwa njia nzuri ya kushinda. Garriott alichoka na hilo. Akatengeneza gemu isiyo na jitu la kuua mwishoni; kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema katika mambo manane, na gemu inaweka daftari kimyakimya. Kuna muuza dawa za miti ambaye ni kipofu. Anakutajia bei, kisha anakuachia wewe mwenyewe uhesabu sarafu na kuziweka. Ukitaka unaweka moja. Hapigi kelele, hakuiti mwizi, unaondoka na mzigo wako. Ila daftari limeandika, na siku utakapotaka kuonekana mwaminifu utaambiwa bado. Huyo kipofu anafanya kazi ambayo mtaa ulikuwa ukimfanyia Admirali.

Mwaka uleule wa 1985, kazi ya namna hiyo ilikuwa ikifanywa Msoga, kijiji ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya wilaya ya Bagamoyo, na bila umeme wa kompyuta. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoka kujaribu sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, ambako mjadala mkubwa ulihusu mimba za wasichana na wanaume wanaozikimbia. Utaratibu wao ulikuwa mrefu na wa subira. Wanakijiji wenyewe walitafiti matatizo yao, wakayachambua, wakayatungia maonyesho kwa ngoma na masimulizi waliyoyajua, wakacheza, kisha wakajadili. Mjadala ulikuwa sehemu ya onyesho.

Angalia kinachompata mhusika katika mazingira hayo. Anayeigiza kiongozi mzembe anaigiza mbele ya kiongozi mwenyewe, na mbele ya shemeji zake. Maneno ni yake, hakuna mswada. Lakini akimkuza kiongozi yule awe katuni, wapo watakaosema si kweli, hayuko hivyo, huyu ni mjanja zaidi, tena ana huruma akitaka. Mhusika anapata nyama kwa kubishaniwa. Naye Augusto Boal wa Brazil alikuwa na kanuni zake za jukwaa la mabadilishano, ambamo mtazamaji husimama akachukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Mtazamaji huyo yuko huru kujaribu lolote, isipokuwa muujiza. Ukimfanya mwonevu aokoke ghafla au mali ishuke kutoka mbinguni, waliokaa wana haki ya kukukatiza na kukurudisha ulikotoka. Naiona kanuni hiyo moja ina manufaa zaidi kwa mtengenezaji wa gemu kuliko semina nyingi.

Chuo cha Sanaa kilikuwa kimehamia Bagamoyo mwaka 1981, na walimu wake, kupitia kundi la Bagamoyo Players, walikuwa miongoni mwa waliozibeba mbinu hizi. Tamasha la kila mwaka likawakutanisha wanafunzi na wenyeji mbele ya bahari. Tangu 2007 chuo ni wakala wa serikali na kinaitwa TaSUBa. Wanaopita pale leo hujifunza ngoma, muziki, sarakasi na uigizaji, na wengi wao, kama vijana wengine wote, wamekua na pedi ya gemu mkononi.

Gemu iliyowalea wengi wa rika hilo si Ultima wala The Witcher. Ni GTA: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo bado inaendeshwa kwenye PlayStation 2 zilizochoka katika mabanda ya mitaani. Wataalamu watabisha kama ni gemu ya uhusika hasa, lakini CJ akila sana ananenepa, akienda jimu anajaa misuli, na wapita njia wanamsema kwa alivyo. CJ ameandikwa: amerudi nyumbani kumzika mama yake, kaka yake Sweet hajamsamehe kwa kuondoka. Katika misheni anazungumzia familia kwa uchungu. Misheni ikiisha tu, mchezaji anampandisha juu ya baiskeli ya bibi wa watu na kugonga watembea kwa miguu kumi na tano. Mwaka 2007 mbunifu wa gemu Clint Hocking aliandika kuhusu pengo la aina hii, pale hadithi inapomtaka mtu awe hivi na mchezo wenyewe unamlipa kwa kuwa vile. Mashine haioni aibu kwa pengo hilo. Polisi wanakuja, nyota zinawaka, ukijificha zinazimika, na Sweet hatauliza neno.

Katika banda moja mtaa wa Magomeni, Bagamoyo, niliona jambo ambalo gemu haikuliweka. Pedi ilikuwa mkononi mwa mvulana mmoja, na nyuma yake kwenye benchi walikaa wengine watano wakingoja zamu. Yule mchezaji akaanza kufyatua hovyo sokoni. "We, CJ hana ugomvi na hao," mmoja akasema. Mwingine akadakia kwamba mama yake hajapoa hata kaburini, anafanyaje vile. Mvulana akajitetea kuwa anatafuta hela. Wakamwambia hela ziko kwenye misheni. Palikuwa na sheria yao, kumbe: anayeua bila sababu anapokonywa pedi kabla ya muda wake, na sababu inaamuliwa na benchi. Walibishana kama dakika tatu iwapo mtu aliyemsukuma CJ kwanza anahesabika kuwa ni sababu. Waliamua hahesabiki, na pedi ikahama. Mwenye banda hakuingilia, kwa kuwa muda wa pedi unalipiwa vilevile, iwe kwa huyu au kwa yule.