Senti Yenye Tundu: Mwanzo Wangu wa Kukusanya Sarafu za Kikoloni

Mhariri wa gazeti letu alipotuomba wanafunzi wa zamani tumletee makala kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nilisita kidogo. Mimi si mwanahistoria wa kazi. Nilisoma Historia hapa shuleni toka mwaka 1994 hadi 1997, nikaendelea nayo Chuo Kikuu, lakini tangu nihitimu nimekuwa mtumishi wa serikali, na siku zangu hupita katikati ya majalada na mihuri. Hata hivyo ipo historia moja ambayo nimekuwa nikiishika kwa vidole vyangu kwa miaka ishirini na zaidi, nayo ni sarafu za kale. Nitaeleza nilivyoanza, makosa niliyoyafanya na yale niliyojifunza. Huenda mdogo wangu aliyeko kidato cha pili leo akaanza vizuri kuliko mimi.

Bibi yangu mzaa baba aliuza vitumbua kwenye kituo cha reli cha Tabora kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka 2004, wazee walinikabidhi kopo lake la majani ya chai, kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea kumsumbua kwa maswali. Ndani yake mlikuwa na uzi wa katani uliotungwa senti kumi 34, zile za shaba zenye tundu katikati, pamoja na shilingi chache zenye kichwa cha mfalme na sarafu moja nyeusi ambayo sikuitambua.

Habari ya uzi ule niliijua, kwani bibi alikwisha nisimulia. Kila jioni alikuwa akitunga senti alizozipata, na uzi ukijaa anauficha. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni 1966, na fedha zetu wenyewe zikaanza kutoka. Zile za zamani zikaondolewa hatua kwa hatua, na baada ya miaka michache hazikuwa halali tena. Wakati huo bibi alikuwa kijijini akimuuguza dada yake. Aliporudi mjini na uzi wake, mwenye duka alizitazama zile senti akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu," aliniambia, "fedha zile zilinifia mkononi."

Basi mimi kijana msomi, nilipolipata kopo lile, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa upumbavu. Ile sarafu nyeusi niliisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa kama kitasa cha mlango. Ndipo nikasoma: ni hela 20 ya mwaka 1916, na chini yake ipo herufi T. Herufi hiyo ni ya Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walizibiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, fedha zikawaishia, wakaanza kujitengenezea sarafu katika karakana ya reli palepale Tabora. Za hela walizitengeneza kwa shaba na shaba nyeupe, na zile za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Sarafu ile ilikuwa imekaa karibu miaka 90 ikijijengea rangi yake, nami niliiondoa rangi hiyo kwa dakika kumi. Kwa mkusanyaji, weusi ule si uchafu bali ni ngozi ya sarafu, na ikichubuliwa hairudi. Hela yangu bado ninayo, inang'aa, na kila nikiitazama naona haya.

Kwa bahati njema, uzi wa senti sikuugusa. Nilikwenda nao polepole, senti moja baada ya nyingine, kwa kioo cha kukuzia. Nyingi zilikuwa na jina la Mfalme George wa Tano au wa Sita. Lakini mbili zilinishangaza. Ziliandikwa EDWARDVS VIII, na mwaka wake ni 1936. Edward wa Nane alitawala Uingereza kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, kisha akakiacha kiti ili amwoe mwanamke aliyemtaka. Huko kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyotolewa rasmi ipite mikononi mwa watu, kwa maana aliondoka kabla hazijawa tayari. Senti zetu zenye tundu hazikuhitaji sura. Zilikuwa na taji, maandishi na pembe za ndovu, nalo jina peke yake lilitosha. Ndiyo maana muuza vitumbua wa Tabora alitunga kwenye uzi wake jina la mfalme ambaye Mwingereza wa London hakulipata mfukoni mwake. Msidhani nimetajirika. Senti hizo zilitengenezwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Thamani yake ni habari iliyomo.

Kwenye moja ya hizo mbili palikuwa na herufi nyingine ndogo, H. Kwa kuwa nilikwisha jifunza habari ya T, nilijua kwamba H nayo ni mahali au mtu, lakini sikujua nani. Jibu nililipata mwaka 2014, nilipopelekwa Birmingham kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumamosi moja nilipita sokoni nikamkuta mzee mmoja na sinia la sarafu kuukuu. Nikaokota peni ya shaba ya mwaka 1912, karibu sawa kwa ukubwa na senti kumi ya bibi, na kando ya mwaka nikaona herufi ileile, H. Mzee akanieleza kwamba hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton, cha mjini mlemle. Ralph Heaton alinunua mitambo ya kiwanda cha Soho cha Matthew Boulton mwaka 1850, na jamaa yake wakawa wanatengeneza sarafu za nchi nyingi. Kiwanda cha serikali kule London kilipozidiwa na kazi, Heaton waliitwa kusaidia. Mwaka 1888 walikuwa wamekwisha tengeneza hata sarafu za Mombasa kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyotawala huko. Nililipa pauni mbili nikaichukua ile peni. Leo nimeiweka karibu na senti ya bibi, kwani zimezaliwa katika mji mmoja.

Katika sinia lile nilipata pia shilingi ya Uingereza ya mwaka 1921, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Kwa karne nyingi shilingi yao ilikuwa ya fedha hasa, sehemu 925 katika kila 1,000. Mwaka 1920, kwa sababu bei ya fedha ilipanda sana baada ya vita, waliipunguza ikawa sehemu 500. Niliporudi nyumbani nikailinganisha na shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka hiyohiyo. Kichwa ni cha mfalme yuleyule, na jina ni shilingi ileile. Upande wa pili ya kwetu ina simba na milima. Lakini fedha iliyomo ni sehemu 250 tu. Mfalme mmoja, shilingi mbili, na ya kwetu ina robo ya fedha ilhali ya kwao ina nusu. Sikulisoma jambo hili katika kitabu chochote cha darasani.

Nikataka kujua shilingi ile ilitoka wapi. Kabla yake, Kenya na Uganda zilitumia rupia ya Kihindi, ambayo 15 zilikuwa pauni moja. Fedha ilipopanda bei, rupia nayo ikapanda. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, nayo ilikaa London. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni, na mahali pake ikawekwa sarafu iliyoitwa florini. Florini haikudumu, kwani baada ya muda mfupi sana ikaletwa shilingi. Hesabu yake itazameni. Mlowezi aliyekopa rupia 150 zilipokuwa sawa na pauni 10, sasa alidaiwa pauni 15. Bei za mazao nazo zilikuwa zimeanguka. Alifanya nini? Mwaka 1921 walowezi wa Kenya walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Punguzo hilo, pamoja na kipande na kodi, ndilo lililomfanya Harry Thuku asimame kuwatetea wafanyakazi. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Mabwana wa London walibadilisha fedha, na aliyelipa ni kibarua wa shambani aliyekuwa hajapata kuiona hata hiyo florini.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikwenda London kwa siku moja, nikaingia katika jumba la makumbusho. Nyuma ya kioo niliona gini, sarafu ya dhahabu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1663. Chini ya shingo ya Mfalme Charles wa Pili alikuwepo tembo mdogo sana. Tembo yule alikuwa alama ya kampuni ya Kiingereza iliyoleta dhahabu kutoka pwani ya Gini, Afrika Magharibi, na kutokana na pwani hiyo sarafu ikapata jina lake. Kampuni hiyohiyo ilisafirisha watumwa kwa maelfu. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Wageni wengine walipita wakiisifu dhahabu. Mimi nilimtazama tembo.

Sasa neno kwa wale watakaopenda kuanza. Kwanza, msisugue wala msioshe sarafu kwa kitu chochote. Pili, ishikeni kingoni, na muitunze ndani ya bahasha ya karatasi kavu. Mifuko mingine ya plastiki huila shaba. Tatu, msiuamini mwaka ulioandikwa mpaka muulize. Mimi niliwahi kulipa fedha nyingi kwa ajili ya reale ya Maria Theresa ya mwaka 1780, nikidhani ni ya enzi hizo. Baadaye nikajifunza kwamba mwaka huo umeendelea kuandikwa hadi zama zetu, na kwamba London, Birmingham na Bombay zote ziliwahi kutengeneza reale hizo katika karne ya 20. Nne, msichimbe wala msiokote kitu kwenye magofu. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na sarafu iliyong'olewa mahali pake imepoteza nusu ya ushahidi wake.

La tano ndilo kubwa. Ulizeni wazee, muandike. Sarafu haisemi ilinunua nini. Bibi aliniambia kwamba nusu shilingi aliita thumni, nami baadaye nikajua kwamba neno hilo ni la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane. Pesa imetoka Bara Hindi. Hela ni ya Mjerumani, aliyeigawa rupia yake kuwa hela 100 mwaka 1904. Dala tuliita shilingi tano, na inasemekana ndiyo iliyoyapa mabasi yetu jina la daladala. Tawala zimekwenda na sarafu zao, lakini kila tunapodaiana sokoni maneno yao bado yamo vinywani mwetu.

Ndugu zangu, chuma chakavu kina bei siku hizi. Makopo kama lile la bibi yanamwagwa kwenye mizani ya wanunuzi pamoja na sufuria mbovu, na vijana hawajui wanauza nini. Kwa hiyo, mkija kwenye mkutano wetu, kila mmoja achungulie kwanza katika kopo la nyumbani kwao. Akipata sarafu moja, ailete, na pamoja nayo karatasi yenye jina la aliyekuwa nayo, mahali alipoishi na jinsi alivyoipata. Mwalimu wa Historia amekwisha kubali kututafutia kabati lenye kioo.

Mimi nitaleta senti moja ya Edward na peni ya 1912, ziwekwe pamoja. Nitaleta pia ile hela ya Tabora niliyoiharibu, ili wanafunzi waone kwa macho yao ndimu inavyofanya. Senti 33 zilizobaki nitazirudisha kwenye uzi wake, kama bibi alivyoziacha.