Bonde la Anza: Ramani Iliyochorwa kwa Mwangwi

Wasomaji, leo programu tuziweke kando kidogo. Ukitoka Nyeri, ukapita Nanyuki na kushuka Isiolo kuelekea Merti, utaona tambarare kavu tu. Chini yake kuna Bonde la Anza, lililozama enzi za dinosauri na kujaa mchanga na tope, unene wa kilomita kadhaa. Sasa, kitu kisichoonekana kilichorwaje?

Kwa mwangwi! Tangu miaka ya 1970 kampuni za mafuta zilitikisa ardhi na kunasa mawimbi yaliyorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Hesabu ni rahisi: wimbi likienda mita 3,000 kwa sekunde na kurudi baada ya sekunde 2, tabaka liko mita 3,000 chini. Tatizo ni hiyo kasi. Kabla ya kuchimba ni makisio, na ukiikosea, kina nacho umekikosea. Kompyuta haitakushtua.

Ndiyo maana kisima kina faida hata kikikosa mafuta. Mwaka 2009 CNOOC ya China ilianza kuchimba kisima cha Bogal, karibu na Merti, kikapita mita 5,000. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, lakini makisio yalipata kipimo.

Hazina iliyotumika iko juu zaidi: maji. Mchanga wa Merti unahifadhi maji ya visima vya kambi za Dadaab, zilizoanza 1991. Mto unaopita huko, Ewaso Ng'iro, hutoka Mlima Kenya na Nyandarua. Tunaouchota huku juu tukumbuke kuna watu mwisho wa ramani.