Umezaa Watoto Wangapi, Mama?
Habari za kuhesabu watoto na mama zao katika Kongo

Ninyi nyote mwaijua Injili ya mikate mitano na samaki wawili. Mtakatifu Mateo anatupa hesabu ya wanaume walioshiba siku ile, wapata 5,000, kisha anaongeza kwamba wanawake na watoto hawamo katika hesabu hiyo. Walikuwapo, walikaa majanini, walikula. Lakini hakuna aliyewahesabu.

Ndiyo desturi ya zamani. Musa naye, alipohesabu taifa lake jangwani, aliandika wanaume wa miaka 20 na zaidi, wawezao kwenda vitani. Mfalme huhesabu askari zake, na mtoza kodi huhesabu walipa kodi. Mtoto mchanga hana mkuki wala franki. Nani basi atamhesabu? Leo twataka kueleza jinsi mtoto na mama yake walivyoingia katika hesabu za nchi yetu, na kazi kubwa iliyofichika nyuma ya hesabu hizo.

1. Kitabu cha Kanisa na kitabu cha kodi

Kanisa lilianza mapema kumwandika mtoto. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuwa na kitabu cha ndoa na kuandika majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mwaka 1614, chini ya Papa Paulo V, ilielezwa wazi namna ya kushika vitabu vya paroko: ubatizo, kipaimara, ndoa, wafu, na hali ya jamaa nyumba kwa nyumba. Mapadri Weupe walipopokea Mpala, kando ya ziwa Tanganika, mwaka 1885, walikuja na desturi hiyo. Mtoto wa siku mbili aliyebatizwa katika hatari ya kufa jina lake liliandikwa kwa wino uleule ulioandika jina la chifu.

Lakini kitabu cha paroko kinawajua watu wa paroko tu. Hakiwezi kueleza hali ya nchi nzima.

Serikali ya Wabelgiji nayo ilihesabu. Kila mtu mzima alikuwa na karatasi yake kwenye ofisi ya teritware, na wanaume walitozwa kodi ya kichwa. Watu walijifunza upesi kwamba nyuma ya hesabu kuna mzigo: leo kalamu, kesho kodi, keshokutwa kazi ya barabara au shamba la pamba la lazima. Kwa hiyo wengi walipoona bwana wa kuandika anakuja, waliingia porini. Tusiwacheke. Walikuwa na sababu. Na woga ule haukuzikwa pamoja nao, mpaka leo, mgeni mwenye kalamu akibisha hodi, babu huuliza kwanza: «Wanataka nini kwetu?»

2. Kijiko kimoja cha sombe

Mwaka 1895, katika mkutano wa wataalamu mjini Bern, mtu mmoja wa Norwe, Anders Kiær, alileta shauri jipya. Alisema si lazima kuwauliza watu wote ili kujua hali ya nchi. Yatosha kuwauliza wachache, mradi wafanane na wote. Wataalamu wengi walimpinga. Lakini kila mama anayepika sombe alijua jambo hilo zamani: anaonja kijiko kimoja, naye anajua kama chumvi imetosha katika sufuria nzima. Sharti ni moja: akoroge kwanza. Akichota juujuu tu, atadanganyika. Vivyo hivyo, ukiuliza nyumba zilizo karibu na barabara tu, au zilizo karibu na misioni, hujaionja nchi.

Katika Kongo njia hiyo ilitumika kwa ukubwa miaka 1955–1957. Ulifanyika uchunguzi wa watu katika nchi nzima kwa kuchagua vijiji na mitaa, na wanawake waliulizwa habari za uzazi wao. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba katika sehemu za Equateur na Uele wanawake wengi mno hawakupata mtoto hata mmoja. Anatole Romaniuk, mmoja wa wataalamu wa kazi ile, aliandika kitabu juu ya uzazi wa Wakongo, kikatolewa mwaka 1967.

Wakati uleule Mskoti mmoja, William Brass, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika ofisi ya takwimu ya Afrika ya Mashariki tangu 1948 mpaka 1955, alikuwa akifikiri juu ya shida nyingine. Katika nchi isiyoandika wafu wake, utajuaje watoto wangapi wanakufa? Alionyesha kwamba maswali mawili kwa kila mama yanaweza kutosha: umezaa watoto wangapi walio hai walipozaliwa, na katika hao wangapi wangali hai? Ukijua na umri wa mama, unaweza kupiga hesabu ya vifo vya watoto. Mwaka 1968 Brass, Romaniuk na wenzao walitoa kitabu kikubwa juu ya watu wa Afrika ya joto, na Kongo ina sura yake humo.

Tazameni jambo hilo, wandugu. Elimu kubwa ya wataalamu imesimama juu ya neno la mama aketiye mlangoni mwake. Yeye peke yake ndiye kitabu cha wafu.

3. Ahadi ya New York

Baada ya uhuru, nchi yetu ilihesabu watu wake wote mara moja tu kwa njia ya elimu, tarehe 1 Julai 1984. Wakaonekana watu wapata milioni 30. Mpaka tunapoandika haya, hesabu nyingine ya namna hiyo haijafanyika.

Mwezi wa Septemba 1990 wakuu wa nchi 71 walikutana New York kwa ajili ya watoto. Waliahidi kwamba kabla ya mwaka 2000 vifo vya watoto wachanga na wadogo vitapungua kwa theluthi moja, na vifo vya mama wazazi kwa nusu. Ahadi ilikuwa njema. Lakini nani angejua kama imetimizwa? Nchi nyingi hazikuwa na hesabu ya kuaminika. Kwa sababu hiyo shirika la UNICEF, lililozaliwa mwaka 1946 ili kuwasaidia watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita, lilitengeneza uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uitwao kwa kifupi MICS. Ulianza katikati ya miaka ya 1990, na nchi zaidi ya 100 zimekwisha kuutumia.

Zaire ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza, mwaka 1995. Mara ya pili ilikuwa 2001, wakati vita vilipokuwa vimeikata nchi vipande. Kisha 2010, tena 2017–2018. Kati ya hizo ukaja uchunguzi mwingine unaofanana nao, uitwao EDS, uliosaidiwa hasa na Marekani: 2007, 2013–2014, na 2023–2024.

4. Msaada wa ufundi ni nini?

Watu husema: «UNICEF wamekuja kutuhesabu.» Sivyo. Mwenye kazi ni serikali, kwa mkono wa ofisi yake ya takwimu, INS, na wanaobisha hodi ni vijana wa Kongo. Shirika lasaidia kwa fedha na vyombo, na zaidi kwa ufundi. Nao ufundi huo ni wa namna nyingi.

Kwanza, kuchagua nyumba. Vijiji vinachaguliwa kwa kura, kwa kufuata wingi wa watu. Kisha wafanyakazi wanakwenda kuandika nyumba zote za mahali pale, na katika orodha hiyo zinachaguliwa chache. Nyumba ikiwa ng'ambo ya mto, sharti waivuke. Mwenyewe akiwa shambani, sharti warudi. Hairuhusiwi kuchukua nyumba ya jirani kwa sababu iko karibu. Huko ndiko kuchota juujuu.

Pili, maswali. Katika kila nchi maswali ya msingi ni yaleyale, ili majibu yalinganike. Lakini yakiingia katika lugha zetu yana mitego. Kwa mfano, kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Ukimwuliza mama «Una watoto wangapi?», atakuhesabia na wale anaowalea. Lazima useme: wale uliowazaa wewe mwenyewe.

Tatu, kupima. Mtoto anawekwa kwenye mizani. Urefu wake unapimwa kwa ubao, aliye chini ya miaka miwili akiwa amelala, mkubwa zaidi akiwa amesimama. Ubao ukipinda kidogo tu, mtoto mzima ataandikwa kuwa amedumaa. Chumvi ya jikoni inapimwa kama ina ayodini. Na kama mama hajui tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, anasaidiwa kwa kumbukumbu za mahali: mvua kubwa, vita, au mwaka paroko fulani alipofika.

Nne, kufundisha waulizaji. Mama anaulizwa na mwanamke mwenzake, mahali pa faragha, baada ya kukubali mwenyewe. Anaweza kukataa. Jina lake halitangazwi.

Lakini swali gumu kuliko yote ni lile la watoto waliokufa. Mimi katekista ninalijua kwa kazi yangu. Ninapoandika ubatizo na kuuliza kama kuna ndugu wengine, mama wengi wanataja walio hai, kisha wananyamaza. Yule aliyelia mara moja alfajiri na kuzikwa jioni, hata jina hakupata, hatajwi. Pengine ni uchungu, pengine ni haya, pengine ni desturi ya kutoita msiba mara ya pili. Kwa hiyo mwulizaji anafundishwa asiridhike na neno «hapana» la kwanza. Anauliza tena kwa upole: hata mtoto aliyelia kidogo tu, au aliyepumua kwa muda mfupi? Na mama akitokwa na machozi, anangoja.

5. Hesabu zinasema nini?

Uchunguzi wa 2001 ulionyesha kwamba katika watoto 1,000 waliozaliwa hai, 213 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2007 hesabu ilikuwa 148. Mwaka 2010, 158. Mwaka 2013–2014, 104. Mwaka 2017–2018, 70. Ni mshuko mkubwa, nasi twamshukuru Mungu kwa chanjo, vyandarua na kazi ya waganga.

Hata hivyo tusome kwa akili. Kutoka 2007 mpaka 2010 hesabu ilipanda kidogo. Je, watoto walianza kufa zaidi? Si lazima. Hesabu ya kijiko ina nafasi ya kukosea, na chunguzi mbili haziwi sawasawa kabisa. Tena kuna hatari moja mbaya. Mama wakinyamaza, hesabu inashuka ingawa watoto wanakufa vilevile. Katika karatasi, ukimya na afya vinafanana. Ndiyo sababu serikali inaweza kujisifu, dispensari ikakosa dawa, na kaburi dogo likaongezeka nyuma ya nyumba bila mtu kujua.

Hesabu nyingine yatuhusu sana sisi wazazi. Mwaka 2013–2014, katika watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 25 tu walikuwa wameandikwa katika vitabu vya serikali. Mwaka 2017–2018 walikuwa 40. Basi watoto 60 katika 100 walikuwa bado hawajulikani kwa sheria.

6. Kazi yetu

Mwaka 2025 Marekani ilikatisha msaada wake wa chunguzi za EDS ulimwenguni, kazi iliyoendelea tangu 1984. Wengine wamejitahidi kuziba pengo, lakini fundisho liko wazi: ufundi wa kuazima waweza kuondoka siku moja. Ule ambao vijana wetu wamejifunza, wa kuchagua nyumba, kupima na kuuliza kwa heshima, huo unabaki.

Nasi tulio parokiani tufanye nini? Mtoto akizaliwa, apelekwe kuandikwa kabla siku 90 hazijapita, kama sheria isemavyo. Karatasi ya ubatizo ni ya thamani kwa roho yake, lakini haishiki mahali pa ile ya serikali. Na mwulizaji akija, tumwulize karatasi yake ya kazi na ya nani, kisha tumpe kiti. Hakuja kutafuta mlipa kodi.

Wewe mama, akikuuliza umezaa watoto wangapi, usimwache nje yule wa alfajiri. Mungu anamjua, hana haja ya kalamu. Sisi tulio duniani ndio tunaohitaji kumjua, ili ndugu yake anayekuja nyuma akute chanjo, maji safi na mkunga. Wanawake na watoto wa Injili walikula mikate, na hakuna aliyeandika idadi yao. Hawa wetu tuwaandike, wote, walio hai na waliotutangulia.